Mbuzi wa Husna Pale Langoni

Mimi sikutaka kuandika. Naanza na hilo ili asije mtu akasema bibi huyu alijipeleka mwenyewe. Yusra ndiye aliyenijia hapa Msambweni, akakaa juu ya mkeka wangu, akanywa chai yangu, kisha akaniambia, "Bibi, tunakusanya habari za watu wa kwetu, watu wa kawaida tu, tuzitie kitabuni. Wewe utuandikie habari za nyanya." Nyanya yake ni Twaiba, mama wa mamake. Nikamwambia, "Nenda kamwulize mwenyewe. Ana mdomo, na mdomo wake haujapata kuchoka." Akasema, "Bibi, wajua yuko eda." Najua. Nani asiyejua? Mjane aliye eda hakai barazani akapigia wageni hadithi.

Nikasema basi ninase sauti kwa simu yako, niseme mie, uandike wewe. Akakataa! Anataka mkono wangu. Mkono wenyewe nimeufundisha kuandika katika darasa la watu wazima, nilipokuwa tayari nina wajukuu, na mwalimu alikuwa mtoto wa juzi aliyenishika vidole kama ninayefundishwa kula. Kwa hiyo herufi zangu zikienda upande, ziacheni ziende. Asinirekebishe mtu.

Na jambo la pili. Mimi naitwa Mejumaa, na Twaiba ni wifi yangu. Ameolewa na kaka yangu Kibwana. Mtu akiona nampendelea kaka, ni kweli nampendelea. Tumenyonya titi moja.

Twaiba ni mtu wa Vanga. Ni mwanamke mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Kazi yake ni mikeka. Husuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, kisha huunganisha tepe kwa tepe kwa sindano mpaka mkeka utandike chumba. Mikeka yake ilijulikana kwa wekundu wake. Aliipeleka Kombani siku za soko, na wenye maduka ya Diani walimpigia simu. Ukindu wa wekundu ule haukuwa wa Vanga. Ulitoka Moa, ng'ambo, Tanganyika kama tulivyozoea kuita sisi wazee. Kutoka Vanga mpaka Moa ni karibu, mtu angeweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya alasiri. Lakini Twaiba hakwenda. Alipanda gari mpaka Lunga Lunga, akasimama upande wetu wa lango la mpaka, na wanawake wa Moa wakamvushia mizigo yake. Alifanya hivyo tangu nywele zake nyeusi mpaka nyeupe. Hakupata kutia mguu upande wa pili.

Pale langoni yuko Mkamba mmoja, Syombua, muuza machungwa na vitunguu vya kule. Alikuwa akimchokoza kila wakati.

"Mama Husna, huo mstari unauma? Mbona huukanyagi?"

"Hauumi."

"Sasa?"

"Sijachukuliwa."

Syombua hakuelewa, alidhani ni wazimu wa watu wa pwani. Sisi tulielewa. Nitaeleza.

Kibwana alimwoa Twaiba siku zile nchi tatu zilipokuwa na reli moja, posta moja, bandari moja. Ndiyo Jumuiya ya kwanza. Kaka alikuwa karani wa mizigo bandarini Tanga, mfanyakazi wa Jumuiya hasa, na alivaa kofia ya kazi hata akija kwetu Moa mapumziko. Alijivuna. Alimweka mkewe Moa nyumbani kwa mama yetu. Twaiba akashika mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza kwetu huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Akapelekwa kwao Vanga tumbo likiwa kubwa.

Sasa sikiliza ada yetu, maana hapo ndipo kisa chote kilipo. Mwanamke hakai kwao baada ya kuzaa apendavyo. Arubaini ikitimia, wazazi wake hutuma mtu kwa mume kusema, njoo. Na mume huja yeye mwenyewe, hatumi mtu. Huja mchana, watu wamwone. Huja na leso za mama mkwe, na huja na mbuzi kutoka zizini mwake, achinjwe akika, ile sadaka ya kuzaliwa kwa mtoto, ndipo amchukue mkewe na mwanawe. Wako wanaochinja siku ya saba. Sisi nyumba yetu tunangoja arubaini. Mke hajirudishi. Akijirudisha kwa miguu yake, watu watasema kwao wamemchoka.

Husna alizaliwa, mtoto wa kike, mweupe. Mama yake akalala uzazi. Na katika siku hizo hizo wakubwa wakagombana huko juu, Jumuiya ikavunjika, na mpaka ukafungwa. Mwaka wa sabini na saba. Barabara ya Lunga Lunga ikawekwa magogo na askari.

Najua mtu atasema, lakini watu walipita. Walipita! Usinifundishe. Walipita mikokoni upande wa Jasini, kwa miguu maji yakitoka. Sukari ilipita, sabuni ilipita, maharusi walipita na vyombo vyao vichwani. Baba yake Twaiba alituma mtu kwa njia hiyo hiyo kumwambia Kibwana, arubaini imetimia, njoo.

Jibu lilinifikia mimi. Nilikuwa nimeolewa huku Msambweni, nikawa nimekwenda Vanga kumwona mzazi na mtoto. Mtu akatoka mikokoni na matope mpaka magotini, akaniambia maneno ya kaka. Nami nikamwambia Twaiba kama nilivyoambiwa, sikupunguza wala sikuongeza: "Mke wangu sikumwoa kwa kujificha. Sitamchukua kwa njia ya wezi. Lango likifunguliwa nitakuja mchana, kwa barabara, na mbuzi wangu mkononi."

Twaiba alikuwa ananyonyesha. Hakuinua uso.

"Anaogopa kazi yake," akasema.

"Haogopi. Ni heshima yako anayoilinda."

"Heshima yangu iko hapa inanyonya. Mwambie mikokoni hakuna askari."

"Basi vuka wewe. Miguu unayo."

Hapo akainua uso. "Wifi, mie si mfuko wa sukari."

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye huku, kaka kule, kila mmoja ameikalia ada yake. Na mpaka haukufunguliwa mwezi ule wala mwaka ule. Lango lilipofunguliwa, Husna alikuwa anakwenda chuoni kusoma Kurani na ameng'oka meno ya mbele. Kaka alikuwa ameoa mwanamke mwingine Moa. Hakuja. Twaiba akasema sasa hata akija hatanikuta. Lakini Kibwana hakumwandikia talaka, na Twaiba hakuidai. "Simwombi mtu kitu," alisema, "hata cha kuniacha."

Hata leo mimi nasema Twaiba ndiye aliyetoka. Alitoka Moa kwa miguu yake akaenda Vanga, asirudi. Yeye amesema maisha yake yote kwamba hakutoka, alipelekwa, akasahauliwa. Tumegombana kwa neno hilo harusini, matangani, na mara moja hospitalini mpaka nesi akatutoa nje.

Alimlea Husna kwa mikeka. Kaka zake Twaiba walisema, mtoto amekua hana akika, tuchinje sisi wajomba, yaishe. Akakataa. "Ana baba." Husna akaolewa hana akika, akazaa Yusra hana akika. Alipokuwa mtu mzima alianza kuvuka kwenda kumwona babake. Mama yake hakumkataza na hakumwuliza kitu. Ila akirudi alimtazama miguu. Udongo wa Moa ni mwekundu, wetu wa Vanga mweusi. Alimtazama miguu, kisha akamwekea maji ya kuoga.

Basi mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, mke wa pili wa kaka alifariki, Mungu amrehemu. Kaka mwenyewe ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia donda mguuni, anatembea kwa fimbo. Akaniita kwa simu. "Mejumaa, nenda kwa Twaiba. Mwambie arudi." Nikamwambia, kaka, huyo? Akasema, "Nenda."

Nikaenda Vanga. Nikamkuta anajitayarisha kwenda mkutanoni. Lunga Lunga walikuwa wamekuja watu wa chama cha wafanyabiashara, wanataka kuwauliza wauzaji wa mpakani jambo. Redio ilikuwa imelisema jambo hilo kwa muda. Kuna soko kubwa la mataifa, nchi nyingi za mashariki na kusini zimo, Kenya imo. Tanzania ilikuwamo ikatoka, imepita miaka ishirini na zaidi. Sasa watu wanabishana: irudi, isirudi? Nikaona nitamwambia maneno ya kaka baadaye. Tukaenda pamoja.

Ukumbi ulikuwa na joto, viti vya plastiki. Kijana mmoja mwenye shati safi akaeleza ushuru, akaeleza na vyeti, mpaka Syombua akanyosha mkono.

"Warudi," akasema. "Warudi hata kesho. Machungwa yangu yanaoza nikingojea karatasi. Hiyo Jumuiya mpya iko ndiyo, lakini bado kila wiki kunazuka sheria. Wakiwa kwa nyumba zote mbili, Jumuiya na hilo soko, kama sisi, angalau tutajua sheria ni zile zile."

Ramadhani mnunuzi wa samaki, wa Vanga, akasimama. "Wasirudi! Mtu aliyetoka mara moja atatoka mara ya pili. Leo mnafungua, kesho mahindi yamezuiwa, kesho kutwa mnaambiwa rudini. Mimi nataka nijue mlango wangu umefungwa, nitafute mwingine. Sitaki mlango wa kupepesuka."

Watu wakapiga makofi. Kisha Twaiba akasimama. Hakuombwa. Alisimama na mkoba wake wa ukili begani.

"Mnauliza aliyetoka arudi au asirudi," akasema. "Mie nauliza, siku anatoka aliacha nini hakijamalizwa? Maana mtu hawezi kurudi akakaa juu ya mkeka kana kwamba alikwenda msalani mara moja. Wako watu waliopoteza kazi. Wako waliopoteza mali, na wako waliongojea. Kilichoachwa kimalizwe kwanza, mchana, mbele ya watu. Kisha aingie. Akija mikono mitupu, mie sisogei kumpisha."

Makofi yakalia tena. Ramadhani akacheka kutoka nyuma. "Mama Husna! Hiyo ni nchi au ni mzee Kibwana?"

Watu walicheka mpaka kijana wa shati safi naye akacheka, wala hamjui Kibwana.

"Ramadhani," Twaiba akasema, "wewe mkeo yuko kwao tangu Idi. Keti chini." Akaketi.

Njiani kurudi nikamwambia maneno ya kaka. Gari linaruka mashimo, barabara ya Vanga mnaijua. Alinijibu tulipokwisha shuka.

"Anataka nirudi."

"Anataka."

"Mwambie sikutoka."

"Twaiba, usianze."

"Mwambie sikutoka, kwa hiyo siwezi kurudi. Lakini aliniahidi kitu, na wewe ndiye uliyeniletea. Aje mchana, kwa barabara, na mbuzi wa Husna kutoka zizini mwake. Akitimiza hilo, nitakwenda."

"Mguu mzima hana, wifi."

"Alikuwa nao."

Nikakasirika, nikaondoka hata maji sikunywa. Lakini nilimpigia kaka nikamwambia neno kwa neno. Nilidhani atatukana. Akasema tu, "Ana haki. Ninaye beberu mmoja mzuri."

Siku ya siku tukaenda langoni: mimi, Twaiba, Husna. Twaiba alivaa buibui jipya na chini yake leso ambayo sijapata kuiona, iliyokunjika mistari ya kukaa sandukuni. Husna, mwanamke mzima ana mvi, alikuwa anajificha nyuma ya mamake kama mwari. Syombua aliacha machungwa yake akaja kusimama nasi. Wanawake wa ukindu walikuwa wamekwisha kueneza habari pande zote mbili, hivyo watu hawakukosekana.

Saa nne hivi tukamwona. Aliteremka kwenye bajaji upande wa pili, fimbo mkono wa kulia, kamba ya mbuzi mkono wa kushoto. Kanzu nyeupe. Na kichwani, jamani, alikuwa amevaa ile kofia ya bandari. Imepauka haina rangi. Sijui aliiweka wapi miaka yote ile. Akaja pole pole, fimbo, mguu, mbuzi.

Kwenye kizuizi akatoka binti wa mifugo, mkaguzi wa upande wetu, mtu wa bara, mwenye adabu. Akamwamkia. "Shikamoo mzee. Huyu mbuzi ana karatasi?"

"Karatasi ya nini, mwanangu?"

"Ya daktari wa mifugo. Na kibali cha kuingiza. Mnyama hapiti bila hizo, mzee, kuna magonjwa."

"Huyu si wa kuuzwa. Ni wa akika ya mwanangu yule pale."

Binti akamtazama Husna, akamtazama mzee. Nadhani alitafuta mtoto mchanga hakumwona. "Hata kama ni wa sadaka, mzee. Pole sana. Nunua mwingine upande huu, ni rahisi."

"Nimeahidi wa zizini mwangu."

Wakabaki hapo. Watu wakaanza kutoa maoni, kama kawaida yetu. Huyu anasema mpigie simu fulani, huyu anasema makosa ni ya nchi ile, huyu ni ya nchi hii. Syombua akasema, "Si ndiyo nilisema kule mkutanoni? Mbuzi mmoja tu, mbuzi mmoja!" Jua linawaka. Kaka amesimama upande wa pili wa chuma, Twaiba upande wetu, kati yao ni mahali pa kupita lori moja. Miaka yote ile, na bado hawajaambiana hata salamu.

Kisha kaka akapaza sauti. Sauti yake imekuwa nyembamba.

"Twaiba. Usiondoke. Nitamrudisha mpaka Jasini, nimpitishe mikokoni. Vijana watanishika mkono. Kabla ya jioni nitakuwa kwako."

Nikaona mguu wake. Nikaona na kanzu ile nyeupe na matope ya kule. Nikataka kusema, kaka, la. Lakini Twaiba alinitangulia.

"La!" akasema, kwa nguvu, mpaka binti wa mifugo akageuka. "Akika ya mwanangu haipiti njia ya wezi. Sikumzaa kwa kujificha, na mbuzi wake hatapita kwa kujificha."

Nami nikasema, sikupanga kusema, ulimi ulikwenda wenyewe: "Wifi, hayo ni maneno ya kaka. Ndiyo niliyokuletea ukinyonyesha."

Twaiba akanitazama. Halafu akamtazama yule mzee wa kofia, aliyekuwa tayari kuingia matopeni na mguu mmoja tu mzima. Akakaa chini. Alikaa pale pale barabarani, mwanamke yule ambaye sijapata kumwona amekaa mahali bila kupangusa kwanza. Husna akainama, "Mama, mama." Twaiba akamsukuma mkono kidogo, si kwa ukali.

Hakulia. Mtu asiseme alilia. Alikaa tu kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akanyosha mkono, nikamwinua.

"Mbuzi hawezi kuja," akasema. "Mimi naweza."

"Hujachukuliwa," nikamwambia. Ulimi wangu nao!

"Amekuja mchana. Amekuja kwa barabara. Ana mbuzi mkononi. Nimechukuliwa, wifi. Nyamaza."

Walimwandikia karatasi ya kupita ya watu wa mpakani, kwa kitambulisho chake. Alitia dole gumba ingawa anajua kuandika jina lake. Tukavuka sote watatu. Alipofika kwa kaka hakumpa mkono. Alichukua kamba ya mbuzi.

"Kofia gani hiyo?" akasema. Ndiyo salamu yake ya kwanza.

"Ya kazi," kaka akasema.

Mbuzi alichinjwa Moa adhuhuri ile. Husna alikatwa nywele kidogo mbele, za mvi, na wanawake wakapiga vigelegele kama kwa mtoto wa arubaini, naye akajifunika uso kwa mtandio. Nyama ya akika haivunjwi mifupa, hukatwa kwenye viungo tu, na mifupa hukusanywa ikazikwa. Na baba na mama wa mtoto hawaili. Hiyo ndiyo ada. Kwa hiyo sote tulikula pilau barazani, na wale wawili peke yao wakawekwa uani na mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Mimi niliwapelekea sukari, ndiyo maana nilisikia. Sikuwa nasikiliza.

Kaka alisema, "Utabaki?"

"Kwanza sema nani alitoka."

Kaka akamenya muhogo, akauweka upande wa Twaiba wa sahani. "Hakuna aliyetoka. Walitufungia."

"Hao wakubwa nawajua. Nakuuliza wewe."

"Sikukujia," kaka akasema. "Ningeweza, sikukujia."

Twaiba akachukua ule muhogo. "Nami sikuvuka," akasema. "Kula, chai inapoa."

Alibaki. Husna alirudi Vanga akamletea sindano zake. Alikaa na kaka vuli ile, kiangazi, na masika ikaanza. Alimwosha ule mguu kila siku. Aliusuka mkeka mwekundu papo hapo ukindu unapokatwa, hakuna wa kumvushia. Nilipowatembelea niliwakuta wanagombana juu ya redio, kaka anataka taarifa, yeye anataka kaswida. Na redio bado inauliza, nchi irudi isirudi. Mvua ilipokaza kaka akafariki, alfajiri ya Ijumaa, akavikwa sanda juu ya mkeka ule.

Ndiyo sababu Twaiba yuko eda, katika chumba cha mumewe, Moa. Hakuna aliyemwambia akae. Alifunga mlango mwenyewe.

Sasa nitasema langu, kwa kuwa karatasi bado ipo. Twaiba alisema kule ukumbini, kilichoachwa kimalizwe kwanza kisha mtu aingie. Watu walimpigia makofi, na Yusra ananiambia watu wa chama wameyaandika. Mimi simkubalii. Mimi nasema anayetaka kurudi arudi, hata mikono mitupu, hata na matope miguuni, na mbuzi atafutwe yeye akiwa amekwisha kaa ndani. Kaka yangu na mkewe walingojea kitendwe sawa sawa. Kikatendwa sawa sawa. Wakapata vuli moja na nusu ya masika. Mnielezee nyinyi mliosoma kama hiyo ni hesabu ya kufurahia. Nchi na zifanye zitakavyo, zenyewe hazizeeki. Watu wa langoni huzeeka.

Na bado nasema ndiye aliyetoka. Akitoka eda tutagombana.

Lakini atatoka vipi? Hapa ndipo ninapowataka. Eda inakwisha mwezi huu, na mwanamke akitoka eda katika nyumba isiyo na mtu, huja watu wake wakamchukua. Yeye hatajirudisha. Mnamjua. Atakaa Moa peke yake na sindano zake mpaka awe mifupa, akisema hajachukuliwa. Mimi magoti yangu hayapandi gari tena. Kwa hiyo wewe Yusra uliyenitesa na kalamu, na wewe mwingine uliyeyasoma haya yote bure bila kuniletea hata kipande cha mkate, inukeni. Nendeni Lunga Lunga mchana, si jioni. Piteni kwa barabara, mpigiwe muhuri. Chukueni leso mpya. Simameni mlangoni kwake museme kwa sauti, majirani wasikie: Mama Husna, tumekuja kukuchukua. Mkifika huku mpitisheni kwangu Msambweni kwanza, kabla ya Vanga. Na mwambieni asije bila ukindu mwekundu.